Fosfati haina mlango wa kutokea: kwa nini namba inapanda kwenye tangi la matumbawe

Unapima maji ya tangi lako Jumamosi asubuhi, fosfati inasoma 0.28. Wiki mbili zilizopita ilikuwa 0.19, na kabla ya hapo ilikaa miezi mingi kwenye 0.05 bila kutikisika. Samaki ni walewale watano, chakula ni kilekile, maji unabadilisha kila wiki kama kawaida. Ila kioo sasa kinavaa utando wa kahawia siku mbili tu baada ya kukifuta, na tumbawe lililokuwa likitoa ncha nyeupe za kukua limesimama. Unajiuliza: nimebadilisha nini?

Inawezekana kabisa hujabadilisha kitu. Na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana wanatafuta kosa la wiki hii wakati hesabu imekuwa ikijikusanya kwa mwaka mzima.

Wanaofuga matumbawe hapa Dar si wengi, lakini wapo, wengine sebuleni na wengine kwenye maabara. Ukiishi Kigamboni wazo lenyewe linakuja kirahisi: bahari iko mwendo wa bodaboda, na jiwe la matumbawe unalikuta ukichimba msingi wa nyumba. Kwa hiyo tuchukue mfano wa tangi la lita 200 pale Mjimwema tulifanyie hesabu. Tangi lako likiwa dogo au kubwa zaidi, zidisha au gawanya, mantiki ni ileile.

Kwanza, kwa nini tujali? Fosfati ni fosforasi iliyoungana na oksijeni, na hakuna kiumbe hai kinachoweza kuishi bila fosforasi. Iko kwenye DNA, iko kwenye mifupa, iko kwenye utando wa kila seli. Lakini matumbawe yamezoea kuipata kwa kijiko kidogo sana. Kwenye maji safi ya bahari ya kitropiki yanayozunguka miamba, fosfati mara nyingi haifiki miligramu 0.03 kwa lita. Ikizidi sana mambo mawili hutokea. La kwanza unaliona kwa macho: mwani unashiba na kufunika kila kitu. La pili halionekani haraka: fosfati hung'ang'ania kwenye fuwele za chokaa wakati zinajengwa na kuziharibia mpangilio, hivyo mifupa ya tumbawe hujengeka polepole au kwa udhaifu.

Hili la pili limeonekana hapahapa kwetu. Mwaka 1995 Mats Björk, Adelaida Semesi na wenzao walichapisha kwenye jarida la Ambio utafiti wao wa Zanzibar kuhusu mwani wa chokaa, ule wa rangi ya waridi unaopaka mawe kama rangi ya mafuta na kuyashikamanisha. Karibu na maji taka ya mji ulikuwa umepungua, na fosfati ilionyesha kuuzuia kujijenga. Prof. Semesi alikuwa mtaalamu wa mimea ya bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi hiyo bado ina faida hata kwa mwenye tangi: ile waridi kwenye kioo chako cha nyuma ikianza kufifia huku mwani wa kijani ukishamiri, usisubiri kipimo kikuambie.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwenye tangi kuna virutubisho viwili vinavyotajwa pamoja kila mara, nitrati na fosfati, na watu huvichukulia kama mapacha. Havifanani hata kidogo. Nitrati ina njia ya kutokea: kwenye vitundu vya ndani vya mawe, mahali pasipo na oksijeni, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa gesi ya nitrojeni, na gesi inapanda juu na kwenda zake. Fosforasi haina gesi ya namna hiyo kwenye tangi lako. Ikishaingia imeingia. Itazunguka kutoka chakula kwenda kwa samaki, kutoka samaki kwenda kwenye kinyesi, kwenye bakteria, kwenye mwani, kwenye jiwe, lakini itabaki ndani ya vioo vile vinne mpaka mkono wako uitoe. (Ukitaka kuona inavyoweza kutulia sehemu moja, fikiria Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Mbolea inayochimbwa pale asili yake ni kinyesi cha ndege wa zama zile ziwa lilipokuwa kubwa, na fosfati haijaenda popote.)

Kwa hiyo swali la kuuliza ni la mhasibu: kwa siku inaingia kiasi gani, inatoka kiasi gani, na tofauti imekaa wapi?

Inaingia kiasi gani

Mtuhumiwa wa kwanza wa kila mtu ni maji. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni chakula, na nitakuonyesha kwa nini.

Chakula kikavu cha samaki mara nyingi kina fosforasi karibu asilimia 1 ya uzito wake, na vingine zaidi. Ukiweka gramu 1 kwa siku, umeweka miligramu 10 za fosforasi. Fosforasi ikiwa ndani ya fosfati uzito unakuwa mara tatu hivi, kwa sababu oksijeni nayo inahesabiwa, kwa hiyo hiyo ni kama miligramu 31 za fosfati. Gawanya kwa lita 200: unapata 0.15 kwa lita, kwa siku moja. Kama hakuna kitu ambacho kingekuwa kinaichukua, ndani ya siku kumi tangi lingefika 1.5.

Linganisha na maji ya kujazia. Kwa joto la Dar tuseme tangi linapoteza lita 3 kwa siku kwa mvuke, na unajazia maji ya kisima yenye fosfati 0.2, ambayo kwa maji ya kujazia ni mabaya. Hiyo ni miligramu 0.6 kwa siku. Chakula kimeleta 31! Sisemi usipime maji yako, pima, na kama unaweza tumia yaliyochujwa kwa utando, maana maji mabovu huleta na mengine kama nitrati na silika. Nasema tu kwamba ukiona namba inaruka na ukatumia mwezi mzima kulaumu kisima, umemwacha mwizi anakula mezani.

Halafu kuna aina ya chakula. Huku kwetu mtu akiishiwa chakula cha dukani anasaga dagaa wakavu. Samaki wanakipenda, ila dagaa ni samaki mzima pamoja na mifupa yake, na mfupa ni kalsiamu na fosfati. Ni kama unanyunyizia mbolea. Nyama tupu ya samaki au kamba aliyemenywa ina fosforasi kidogo zaidi sana kwa uzito uleule, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Nenda Feri asubuhi, nunua kamba wabichi wachache, menya, katakata, gandisha kwenye vipande vidogo. Wabichi nasisitiza, kwa sababu kamba wa kufungashwa viwandani wakati mwingine hulowekwa kwenye polifosfati ili wasipoteze maji wakati wa kugandishwa, na hiyo yote itaishia kwenye tangi. Wapo pia wanaosuuza chakula cha kugandisha kabla ya kulisha. Fanya ukipenda, lakini fosforasi nyingi iko ndani ya nyama, sio kwenye maji yaliyoyeyuka. Kupunguza kiasi kunasaidia kuliko kusuuza.

Kwa anayechota maji ya bahari badala ya kuchanganya chumvi, mahali na saa ni muhimu. Mkondo wa Mzinga unaotenganisha Kigamboni na Temeke unabeba yale ambayo mji umeyamwaga, na upande wa pili Msimbazi unafanya hivyohivyo. Wakati wa masika maji ya mito yanasambaa mbali kando ya pwani. Chota upande wa bahari kuu, maji yakiwa yanajaa, maana hapo yanayoingia yanatoka nje kwenye kina. Siku baada ya mvua kubwa, acha kwanza. Na pima ndoo kabla ya kuimimina, ni dakika tano tu.

Inatoka kiasi gani

Hapa kuna hesabu ambayo huwa inawaudhi watu. Unabadilisha lita 20 kila wiki, yaani asilimia 10. Kama maji yana 0.1, umetoa miligramu 2 za fosfati. Kwa wiki hiyohiyo chakula kimeleta 217. Kubadilisha maji kuna faida zake nyingi, kunarudisha kalsiamu na madini mengine, lakini kama njia ya kutoa fosfati ni kukausha bwawa kwa kikombe cha kahawa.

Ni nini basi kinachofanya kazi? Skima, kile kifaa cha kutoa povu, hutoa uchafu wa kikaboni kabla haujaoza, na fosforasi iliyomo inaondoka nao. Kikombe chake kikijaa kioshe, kwa sababu shingo yenye mafuta haipandishi povu. Sufi ya kuchujia pia inasaidia, kwa sharti moja: ibadilishe kila baada ya siku mbili tatu. Ukiiacha wiki tatu, chakula kilichonaswa kinaoza palepale na fosfati inarudi majini.

Njia ninayoipenda mimi ni mwani wenyewe. Tenga tangi dogo la pembeni, weka taa, otesha mwani wa kamba au wa majani, kisha uvune. Mwani mbichi wa gramu 100 uliokamuliwa maji unabaki na kama gramu 10 ukikaushwa. Tukikadiria kwamba 0.2 kwa mia ya hiyo ni fosforasi, mavuno hayo yameondoa takriban miligramu 60 za fosfati, yaani chakula cha siku mbili. Hakuna muujiza hapo, ni kilimo. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanaondoa virutubisho baharini kwa njia hiihii kila wanapovuna. Kinachohesabika ni unachokitoa nje ya maji. Mwani uliosongamana bila kuvunwa unaanza kufa katikati na kurudisha ulichodhani umekitoa.

Na kama nitrati yako ni sifuri huku fosfati ikipanda? Hiyo hali inachanganya wengi. Alfred Redfield, mwanasayansi wa bahari wa Marekani, alionyesha kuanzia mwaka 1934 kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini vina nitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa karibu 16 kwa 1. Ukigeuza kuwa uzito wa nitrati na fosfati ni kama 10 kwa 1. Mwani wa tangini na bakteria hawafuati uwiano huo kwa ukamilifu, lakini wazo linasimama: nitrojeni ikiisha wanaacha kukua, na fosfati inabaki haina wa kuila. Ndiyo maana kuongeza sukari au pombe kulisha bakteria, mbinu ambayo wengi huiga, hakuishushi fosfati kwenye tangi lisilo na nitrati. Hapo lazima utumie kemikali, au uongeze nitrati kidogo kwa kipimo, hata kama inasikika kinyume.

Tofauti imekaa wapi

Turudi kwenye lile tangi lililokaa miezi mingi kwenye 0.05. Chakula kilikuwa kinaleta 31 kwa siku. Skima, sufi na mwani tuseme vilikuwa vinatoa 25. Sita zilizobaki, kila siku, zilikwenda wapi ikiwa kipimo hakikutikisika?

Kwenye mawe. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na fosfati hupenda kushika juu ya uso wake. Kwa kuwa jiwe lina vitundu vingi, uso huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Frank Millero na wenzake walilipima jambo hili kwenye maji ya bahari wakachapisha mwaka 2001: fosfati hunaswa kwenye chokaa maji yakiwa nayo nyingi, na huachiwa maji yakiwa nayo kidogo. Yaani mlango unafunguka pande zote mbili.

Maji ni hela iliyo mfukoni, mawe ni benki. Kipimo chako kinahesabu mfuko tu. Wakati benki ina nafasi, kila ziada inawekwa huko na wewe unaona 0.05 na kufurahi. Siku nafasi inapokaribia kujaa, ziada ileile ya kila siku inaanza kubaki majini, na namba inapanda ghafla bila wewe kubadilisha kitu.

Hii pia inaeleza kwa nini ukibadilisha nusu ya maji yote, namba inashuka kutoka 0.28 hadi 0.14, unalala vizuri, na baada ya siku nne iko 0.24. Hakuna aliyeongeza kitu. Benki imelipa.

Unaweza kulithibitisha. Toa jiwe moja lisilo na tumbawe, liweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi mapya uliyoyapima na kukuta karibu sifuri, weka pampu ndogo na funika lisipate mwanga. Pima baada ya siku moja, kisha baada ya wiki. Ikipanda, umejua deni lilipo. Fanya jaribio hilohilo kwa jiwe lolote kavu kabla ya kuliingiza tangini, hasa lile lililookotwa shambani au kwenye machimbo. Limekaa na udongo na vinyesi vya ndege kwa miaka isiyohesabika, na linaweza kuja na akiba yake.

Kabla ya dawa, kagua kipimo

Vipo vipimo vidogo vya kidijitali vya bei nafuu kiasi ambavyo havisomi fosfati, vinasoma fosforasi, tena kwa sehemu kwa bilioni. Namba 30 kwenye kioo chake si 0.03 ya fosfati. Zidisha kwa 3.07 kisha gawanya kwa 1,000: ni 0.09. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akiamini tangi lake ni safi kumbe liko mara tatu ya anavyodhani. Soma kijitabu chake. Na chupa ya kupimia ifute alama za vidole, kwa sababu mashine inapima mwanga, na jasho la Dar linazuia mwanga kama rangi nyingine yoyote.

Namba ikishathibitika, shuka taratibu. Kinachotumika sana ni chembechembe za oksidi ya chuma, zinazoishika fosfati na kutoiachia kirahisi. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, zisuuze kwanza vumbi litoke, pitisha maji polepole, pima kila baada ya siku mbili. Utaona namba inashuka kisha inasimama. Usikate tamaa wala usiongeze kwa hasira, hapo mawe ndiyo yanatema. Chembechembe zikishiba namba inaanza kupanda tena: badilisha, endelea. Kwa tangi lenye mawe ya miaka mitatu, miezi miwili au mitatu ya kazi hii ni kawaida. Kuna pia kimiminika cha lanthani kinachoigandisha fosfati papo hapo, lakini kinaacha vumbi jeupe linaloweza kuziba matamvua ya samaki. Kwa anayeanza sikipendekezi.

Kwa nini taratibu, wakati unaweza kuifuta kwa siku mbili? Kwa sababu matumbawe nayo yanaihitaji. Timu ya Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ilionyesha mwaka 2013 kwamba matumbawe yenye nitrati nyingi lakini yaliyonyimwa fosfati hupauka kwa urahisi zaidi yakipata joto na mwanga mkali. Sasa fikiria tangi la Kigamboni, Februari, umeme umekatika saa tano asubuhi, maji yanakwenda nyuzi 31. Hutaki matumbawe yako yaingie saa hiyo yakiwa na njaa. Isitoshe, maji yakikosa kabisa virutubisho, aina fulani ya viumbe wadogo wa kahawia wenye ute huchukua nafasi, na kuwaondoa ni kazi kuliko mwani wote uliowahi kuufuta.

Mimi tangi likiwa kati ya 0.03 na 0.1, na matumbawe yanakua, siligusi. Kuna matangi mazuri sana yanayoishi juu ya hapo. Namba inayopanda ndiyo ya kufuatilia, kuliko namba iliyosimama.

Na tumbawe likifa, lisikupeleke Sinda na patasi. Sinda, Makatobe na Kendwa ni maeneo tengefu ya bahari, kama Mbudya na Bongoyo upande wa Kinondoni, na haturuhusiwi kuchukua kitu huko. Tena utakuwa umehamisha kiumbe kutoka kwenye mwamba ambao tayari unapokea fosfati ya jiji zima, umpeleke kwenye tangi ambalo bado halijalipa deni lake.

Mwani utakaovuna usiutupe ufukweni. Usuuze chumvi kwa maji ya bomba mara mbili, uuache ukauke, kisha uchanganye kwenye mboji. Matuta ya mchicha yataichukua ile fosfati yote bila kulalamika.